Sura ya Sita: Atatembeaje Peke Yake?

Mtu mzima akipoteza uwezo wa kuona pale Idete, kijiji cha bonde la Kilombero, swali linaloulizwa kwanza barazani ni hili: nani atakuwa anamshika mkono? Akishapatikana mtu, kwa kawaida mjukuu au mke, mengine huhesabiwa kuwa yamekwisha. Ataletewa chakula, atatengewa kigoda kivulini, na siku ya msiba au ya kliniki atatafutiwa wa kumpeleka. Hakuna mwenye nia mbaya katika mpango huo. Lakini miezi michache baadaye, mtu yule aliyekuwa akienda shambani, sokoni, msikitini au kanisani na kwenye mkutano wa kijiji kwa miguu yake mwenyewe, sasa hawezi kwenda chooni bila kuita mtu. Sura hii inajibu swali ambalo ndugu na majirani huliuliza kwa dhati kabisa: asiyeona atatembeaje peke yake huku kwetu kwenye matope, mitaro, bodaboda na mafuriko?

Jibu langu ni kwamba atatembea kwa kufundishwa. Kutembea bila kuona ni ujuzi wenye hatua zake, kama kuendesha baiskeli, na kila ujuzi huonekana hauwezekani kwa aliyeupima kwa jaribio moja bila mwalimu. Mtu aliyeinuka siku moja, akajikwaa kwenye kizingiti na kukatazwa asirudie, hajathibitisha kwamba wasioona hawawezi kutembea. Amethibitisha tu kwamba yeye hajafundishwa. Sehemu kubwa ya hatari tunayoihusisha na upofu inatoka hapo, kwenye kuachwa bila mafunzo, na kijiji kama Idete kinaweza kuipunguza kwa kiasi kikubwa kwa vitu ambavyo tayari kinavyo.

Kwanza apimwe macho

Upofu una sababu nyingi na baadhi yake hutibika. Mtoto wa jicho, yaani ukungu unaoziba lenzi iliyo ndani ya jicho, ndio unaoongoza kwa kusababisha upofu barani Afrika, na huondolewa kwa upasuaji mfupi. Shinikizo la jicho, ambalo wengi huliita presha ya macho, ni jambo jingine: linaharibu mshipa unaopeleka taarifa kutoka jichoni hadi kwenye ubongo, na uoni uliokwisha kupotea haurudi, ingawa tiba huokoa uliobaki. Ng'ambo ya mto Kilombero, kwenye milima ya Mahenge, kumekuwa pia na usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye maji yaendayo kasi, na ambao jamii nzima hugawiwa dawa ili kuuzuia. Kwa hiyo safari ya kwanza ya mgonjwa wa Idete ni ya Ifakara, Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko, au popote palipo na mtaalamu wa macho, na aende mapema.

Tatizo huanza pale hospitali inapogeuka kuwa sababu ya kungoja. Familia hutafuta fedha, huahirisha mpaka mavuno ya mpunga, halafu huahirisha tena, na wakati wote huo mgonjwa amekaa. Misuli ya miguu inalegea na woga unaota mizizi. Hata ramani ya kijiji aliyokuwa nayo kichwani inafifia kwa kutotumika. Kujifunza kutembea hakumzuii mtu kutibiwa. Akija kuona tena, hatakuwa amepoteza kitu. Akibaki na uoni hafifu, yaani uoni kidogo ambao hata miwani haiusaidii vya kutosha, mafunzo yatamfaa kila jioni giza linapoingia na kila anapopita kutoka jua kali kuingia kwenye kivuli kizito cha miembe. Mafunzo yaanze wiki ileile ambayo mtu ameshindwa kutembea kwa macho yake, matibabu yakiendelea upande wake.

Mwelekeo na mwendo

Wanaofundisha kazi hii huigawa mara mbili. Mwelekeo ni kujua uko wapi, umeelekea wapi, na unakokwenda kuko upande gani. Mwendo ni kusogea kutoka hapa hadi pale bila kujiumiza. Anayeona hufanya yote mawili kwa kutupa jicho mara moja, ndiyo maana hajui kama ni mambo mawili. Asiyeona anaweza kuwa hodari wa moja na dhaifu wa jingine. Mzee aliyezaliwa kijijini anaijua Idete yote kichwani, mwelekeo anao, lakini hathubutu kuinua mguu. Kijana aliyehamia juzi kutafuta shamba la mpunga anaweza kutembea kwa ujasiri, akapotea mita chache kutoka nyumbani kwake. Mwalimu asiyetofautisha haya atamfundisha mzee njia anazozijua tayari, na kijana atamfundisha ujasiri ambao hakuuhitaji.

Chukua safari ya kutoka nyumbani kwenda kwenye pampu ya maji. Kwa mwelekeo, mtu anahitaji alama zisizohama: kona ya nyumba, mti, tuta, mahali ardhi inapobadilika kutoka udongo uliofagiliwa kuwa mchanga wa njia. Bajaji iliyoegeshwa haifai, wala genge la nyanya ambalo mwenyewe akiugua halifunguliwi. Kwa mwendo, anahitaji kujua kabla mguu haujatua kama mbele kuna gogo, shimo au mtoto aliyekaa. Alama huandaliwa na akili na kumbukumbu. Taarifa za hatua inayofuata huletwa na fimbo.

Fimbo nyeupe inafanya kazi gani

Fimbo imekuwa mkononi mwa wasioona tangu zama za kale, lakini fimbo nyeupe ina historia fupi. Mwaka 1921 huko Bristol, Uingereza, mpiga picha aitwaye James Biggs alipoteza uwezo wa kuona, akaupaka mkongojo wake rangi nyeupe ili wenye magari wamwone. Miaka 10 baadaye, mwaka 1931, mwanamke aitwaye Guilly d'Herbemont alianza kugawa fimbo nyeupe kwa wasioona jijini Paris. Hizo zilikuwa bado fimbo fupi za kuegemea. Rangi ilimwambia dereva jambo fulani. Mwenye fimbo haikumwambia lolote kuhusu shimo lililo mbele yake. Hatua hiyo ya pili ilikuja mwaka 1944 Marekani, katika hospitali ya jeshi ya Valley Forge, walikoletwa askari waliopofuka vitani. Richard Hoover, aliyekuwa amefundisha shule ya wasioona kabla ya vita, aliona kwamba mkongojo haumfai kijana mwenye miguu yenye nguvu. Alitaka fimbo ndefu na nyepesi isiyobeba uzito wa mwili, kazi yake iwe kugusa ardhi hatua moja mbele ya mguu. Mbinu yake ndiyo inayofundishwa hadi leo.

Urefu hupimwa kwa mwili wa mtumiaji mwenyewe: fimbo ikisimamishwa wima, ifike kwenye mfupa wa katikati ya kifua, na anayetembea haraka anahitaji ndefu kidogo zaidi. Mkono hukaa mbele ya kitovu, na kifundo ndicho kinachocheza. Ncha hupita chini kwa chini kutoka kushoto kwenda kulia, ikivuka upana wa mabega kidogo tu kila upande. Jambo linalowachukua watu muda ni mpigo wake: mguu wa kulia ukienda mbele, ncha iwe imegusa kushoto, na wa kushoto ukienda, ncha iwe kulia. Kwa namna hiyo kila mahali mguu utakapotua pamekwisha kaguliwa. Anayepeleka fimbo na mguu upande mmoja kwa wakati mmoja anakagua mahali alipokwisha kukanyaga. Kosa hilo ni la kawaida sana, na kwa nje anayelifanya huonekana anatembea vizuri mpaka siku ya mtaro.

Kwenye njia zetu mbinu hii inahitaji marekebisho. Ardhi ikiwa kavu na tambarare, ncha inaweza kuburuzwa bila kuinuliwa, na hivyo hakuna ufa wala shimo linaloponyoka. Tope la masika huinasa ncha, kwa hiyo fimbo huinuliwa na kugusishwa kwa vituo, hatua zikifupishwa. Kwenye kingo za majaruba, ambako njia ni tuta jembamba kati ya maji na maji, fimbo haipepei upande hadi upande. Inafuata ukingo mmoja wa tuta na mguu unafuata fimbo. Fimbo za kiwandani za kukunja zinapatikana mijini kwa shida, na bei yake haimfai kila mtu. Mwanzi mkavu ulionyooka, uliopakwa rangi nyeupe na kufungwa ncha ngumu, ni mwepesi na unapeleka mtetemo hadi kiganjani. Ncha isiwe ya mpira laini wa tairi, kwa sababu mpira unameza mtetemo ambao ndio taarifa yenyewe.

Kuna mambo ambayo fimbo haiyaoni, na mwalimu mkweli huyasema siku ya kwanza. Haigusi tawi lililoinama, kamba ya kuanikia nguo, ukingo wa bati uliochomoza kwenye banda, wala mzigo wa kuni uliozidi pande zote mbili za baiskeli. Kwa hivyo mwanafunzi hufundishwa kuinua mkono usio na fimbo, kiwiko kikiwa kimekunjwa na kiganja kikitazama nje mbele ya paji la uso, kila anapokaribia mahali anapojua pana vitu vya juu. Nyumbani dawa ni rahisi zaidi: kamba ya nguo ihamishwe ikae pembeni, mara moja na kwa kudumu.

Kijiji kinasikika

Watu wengi hudhani mji una nafuu kwa asiyeona, kwa kuwa una lami na njia za waenda kwa miguu. Mimi nadhani ni kinyume, angalau kwa anayeanza. Mji mkubwa una kelele nyingi zinazofunikana, na kila wiki kitu kimehamishwa. Idete ina sauti chache, nyingi zikiwa na mahali pake. Mashine ya kukoboa mpunga inanguruma mahali palepale kila siku ya kazi. Kengele ya shule, adhana na kengele ya kanisa zinatoka pande zinazojulikana. Barabara ya Ifakara–Mlimba inajitangaza kwa malori, na reli ya TAZARA inayopita bondeni haina sauti nyingine inayofanana nayo. Pampu ya maji ina mlio wake wa chuma, na penye mama ntilie pananukia mafuta ya maandazi kabla hujafika.

Jua nalo linatumika, kwa kanuni. Asubuhi, anayekwenda upande wa Mlimba hulihisi mgongoni, bega la kushoto, na anayerudi upande wa Ifakara hulihisi usoni kwa kulia. Jioni mambo hugeuka. Lakini bonde hili liko nyuzi 8 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia saa nne hadi saa tisa jua liko juu mno kuweza kuonyesha upande, na mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba hupita karibu kabisa utosini. Aliyefundishwa kulitegemea jua bila kuambiwa hilo atapotezwa nalo saa sita mchana.

Mvua ina pande mbili. Ikinyesha kwa wastani, inapiga kila kitu kwa sauti yake: bati, nyasi, majani ya mgomba, ndoo iliyoachwa uani. Kwa muda huo mtu anaweza kusikia umbo la kijiji ambalo siku kavu halisikiki. Ikinyesha kwa nguvu inameza kila sauti, pikipiki zikiwemo, na hapo jambo la busara ni kusimama chini ya paa la jirani na kungoja.

Kuna pia sauti anayoitoa mtembeaji mwenyewe. Hatua zake, ncha ya fimbo, au ulimi unaopigwa kwenye kaakaa, hutoa mwangwi mdogo unaorudi kutoka kwenye ukuta na haurudi kutoka kwenye uwazi. Mmarekani Daniel Kish, asiyeona tangu utotoni, ndiye aliyeufanya ujuzi huu ujulikane duniani, na wengi walidhani ni kipaji cha watu wachache waliopofuka wakiwa wadogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, walilijaribu wazo hilo. Matokeo yao, yaliyotoka mwaka 2021, yanahusu watu waliofundishwa kwa wiki 10, wakiwemo 12 wasioona, na umri wa washiriki ulikuwa kati ya miaka 21 na 79. Wazee walijifunza pamoja na vijana, na wasioona walipoulizwa miezi mitatu baadaye walisema mwendo wao umekuwa bora. Nawaletea matokeo haya wale wanaosema bibi yao ni mzee mno kuanza. Katika utafiti huo umri haukuzuia hata kasi ya kujifunza, na hata kama ungeizuia, kasi hakuna anayemdai.

Kwa ufupi, mpaka hapa:
- Matibabu na mafunzo huanza pamoja.
- Mwelekeo hujengwa kwa alama zisizohama, na mwendo hulindwa na fimbo ndefu.
- Fimbo hukagua chini tu. Juu hulindwa na mkono.

"Lakini barabara zetu hizi?"

Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na halifai kujibiwa kwa maneno ya kutia moyo. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, bonde la Kilombero hufurika. Njia za kwenda mashambani hupotea chini ya maji, tope hufuta alama zilizozoeleka, na kingo za mitaro humong'onyoka. Mto una mamba na viboko. Yamo pia mashimo ya kufyatulia matofali yaliyoachwa wazi. Nakubali haya yote, na nakubali kwamba kuna njia ambazo asiyeona hapaswi kupita peke yake katika miezi hiyo. Ila tuangalie vizuri: nyingi ya njia hizo hata anayeona hapaswi kuzipita peke yake. Hakuna anayesema kwamba kwa kuwa mafuriko yapo, vijana wote wa Idete wabaki ndani mwaka mzima. Wanaambiwa wapi pasipitike, lini, na nani wa kumwuliza. Asiyeona anastahili maelekezo ya aina hiyohiyo, na uamuzi wa kusema "leo sipiti" ni sehemu ya ujuzi wake.

Hatari ya pili ni vyombo vya moto, na hapa kuna jambo ambalo wengi huligeuza. Bodaboda inaogopwa kwa kelele yake, na kumbe kelele ndiyo inayomwokoa asiyeona, kwa maana anaisikia kwa mbali na kujua inatoka upande gani. Chombo cha kuhofiwa zaidi bondeni ni baiskeli. Huku baiskeli ndiyo usafiri wa kila nyumba, hubeba mpunga, mkaa na abiria, na ikiteremka bila kukanyagwa haitoi sauti zaidi ya mlio mdogo wa mnyororo. Mtembeaji hawezi kujilinda nayo kwa masikio. Mwendesha baiskeli ndiye anayepaswa kumwona, na hapo ndipo rangi nyeupe ya fimbo inapolipa deni lake, mradi kijiji kizima kijue maana yake: ukiiona, piga kengele au toa sauti, punguza mwendo, pita kando. Tangazo hilo linaweza kutolewa kwenye mkutano wa kijiji kwa dakika chache, na halina gharama.

Kuvuka barabara kuu hufundishwa peke yake, mwishoni kabisa, baada ya mwanafunzi kuzoea njia za ndani. Husimama mahali palipochaguliwa mapema, mbali na mashine na mbali na vibanda vinavyopiga muziki. Hugeuza uso ukatazama barabara moja kwa moja, hunyoosha fimbo mbele ionekane, husikiliza mpaka kimya kitulie pande zote, kisha huvuka kwa mstari ulionyooka bila kusitasita. Asiyesikia vizuri kwa siku hiyo, kwa mafua au kwa upepo, huomba mtu amvushe. Kuomba huko hakumpunguzii uhuru wake. Anayeona naye huuliza njia akifika Ifakara, na hakuna anayemhesabu kuwa amepotea.

Mjukuu naye ana haki yake

Wengine watasema: sisi si watu wa kuishi kila mtu na lake, tuna watoto na wajukuu, ya nini kumhangaisha mzee na fimbo? Naliheshimu pingamizi hili kwa sababu linatoka kwenye upendo. Lakini upendo huo unalipiwa na mtu, na mara nyingi analipa mtoto. Picha ya mtoto aliyetangulia na kijiti, mzee akiwa ameshika ncha ya nyuma, inajulikana Afrika nzima, na mtoto huyo saa za masomo hayuko darasani. Mzee akiweza kwenda mwenyewe pampuni, kwa jirani na kwenye ibada, mjukuu atarudi shule na bado atabaki mjukuu, atakayemsindikiza babu yake kwa hiari siku ya safari ndefu.

Kuna pia suala la nani anaamua. Anayeongozwa kila hatua huenda pale kiongozi anapopenda, saa anayopenda, na huondoka kwenye mazungumzo kiongozi anapochoka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unagusa jambo hili moja kwa moja. Ibara yake ya 20 inazitaka nchi zisaidie watu wenye ulemavu kusafiri kwa namna na kwa wakati wanaouchagua wenyewe, na wapatiwe mafunzo ya kutembea. Mwaka uliofuata nchi yetu ilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010. Kwa hiyo bibi wa Idete anayetaka kwenda kwa shoga yake saa kumi jioni, bila kumngoja mtu, ana haki inayomuunga mkono.

Hata mwongozaji mzuri anahitaji kufundishwa. Asimsukume mtu kutoka nyuma wala asimvute kwa kiganja. Asiyeona ndiye anayemshika yeye, juu kidogo ya kiwiko, na kutembea nusu hatua nyuma yake. Kwa mshiko huo anahisi mwili wa mwenzake ukipanda, ukishuka na ukigeuka, na anaweza kuachia wakati wowote akitaka. Mkenya Henry Wanyoike ni mfano wa jinsi uhusiano huo unavyoweza kukaa sawa. Alipoteza uoni mwaka 1995, akiwa na miaka 20, akapitia chuo cha ufundi cha wasioona huko Machakos. Miaka mitano baadaye alishinda mbio za mita 5,000 kwenye Paralimpiki za Sydney, akikimbia na mwongozaji ambaye siku hiyo aliishiwa nguvu, hata ikabidi Wanyoike amvute hadi mwisho. Mwongozaji alikuwa msaada wake, na mbio zilikuwa za Wanyoike.

Nani atafundisha Idete?

Tanzania ina shule za wasioona za muda mrefu. Ile ya Buigiri, Dodoma, ilianza mwaka 1950. Chama cha Wasioona Tanzania kipo tangu 1964, na kila tarehe 15 Oktoba Siku ya Fimbo Nyeupe huadhimishwa. Pengo liko kwa mtu mzima wa kijijini. Shule zimewalenga watoto, na mtu aliyepofuka akiwa na miaka 55 hawezi kurudi darasa la kwanza Dodoma. Kumngoja mtaalamu afike kutoka mjini ni kungoja sana.

Bonde hili, hata hivyo, lina uzoefu ambao mahali pengi hapana. Tangu mwaka 1996, watu waliofunzwa na kituo cha utafiti cha Ifakara wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Kilombero na Ulanga, kaya ileile, kwa miaka mingi kila baada ya miezi minne, wakiandika waliozaliwa, waliohama na waliofariki. Wengi wao ni wenyeji wenye elimu ya kawaida, waliopewa mafunzo ya kazi moja mahususi wakaisimamia vizuri. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwaka 1989 mwongozo wa kuwafundisha watu wenye ulemavu nyumbani kwao, ukiwa na sehemu ya wasioona na jinsi ya kutembea, ulioandikwa kwa kudhani kwamba mwalimu ni ndugu au jirani. Mhudumu wa afya wa kijiji, akishafundishwa na mtu asiyeona aliye hodari wa fimbo, anaweza kumfikisha mwanafunzi mbali. Nasisitiza mtu asiyeona: anayeona anaweza kusahihisha mkono, lakini mwenye kuitumia fimbo kila siku ndiye ajuaye tope linasemaje kwenye ncha.

Mpangilio wa masomo uwe hivi, na hakuna kuruka:

1. Ndani ya nyumba na hadi chooni, kwa kugusa ukuta na kuhesabu milango, kila kitu kikiwa kimepewa mahali pake.
2. Uani, kwa fimbo, mpaka mpigo wa mguu na ncha uwe hauhitaji kufikiriwa.
3. Njia moja fupi yenye faida ya kweli, kama ya pampuni au kwa jirani, kwenda na kurudi. Kurudi ni somo lake, kwa sababu alama zote zinakuja kinyume.
4. Njia ya pili inayoungana na ya kwanza, mwalimu akifuata nyuma kwa mbali bila kusema, ila pakiwa na hatari.
5. Kupotea kwa makusudi: mwanafunzi anapelekwa mahali asipoambiwa, ndani ya kijiji, naye ajitafute kwa sauti, jua na maswali kwa wapita njia.
6. Barabara kuu, kituo cha basi, kisha safari ya Ifakara.

Somo la tano ndilo ambalo familia hulipinga zaidi, na ndilo lisilopaswa kuachwa. Kila mtembeaji atapotea siku moja. Aliyewahi kupotea mwalimu akiwa karibu anajua kwamba kwanza husimama, husikiliza, hurudi kwenye alama ya mwisho aliyokuwa na uhakika nayo. Asiyewahi hukimbia huku na huku, na kukimbia ndiko kunakomfikisha mtaroni.

Kwa kalenda ya Idete, wakati mzuri wa kuanza ni Juni, maji yakishakauka na njia zikishakuwa ngumu. Watu wako kwenye mavuno na njia zina pilika, kwa hiyo wa kuulizwa hakosekani. Kufikia Oktoba mwanafunzi awe amezimiliki njia zake tatu au nne. Mvua za kwanza zikishuka, kwa kawaida Novemba au Desemba, mwalimu arudi azipite naye upya zote, kwenye tope, akionyesha ipi imebadilika na ipi ifungwe mpaka kiangazi kijacho.